Jengo Lililosimama na Jengo Lililolala

    

Mazungumzo ya leo yametoka Nyangwe, kule ukingoni mwa Lualaba. Siku chache zilizopita nilikuwa huko, nimekaa chini ya mwembe na mzee mmoja, tukiwatazama vijana wakijenga nyumba ya sima, yaani saruji. Mchanga wao mzuri, mweupe, wa mtoni. Mifuko ya sima ilikuwa michache, maana nyote mnajua namna mfuko mmoja unavyofika huku kwetu: mgongoni mwa pikipiki, matope mpaka kwenye magoti. Mzee akatazama, akatazama, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wanasema nyumba ya betoni ni ya milele. Bomu likilipuka karibu yake, itasimama?"

Nikataka kumjibu pale pale kwamba ndiyo, itasimama, betoni ni jiwe. Nikaona aibu kumdanganya mtu mzima. Nikamwambia: "Baba, nipe siku kadhaa, nitakujibu kwenye redio." Mzee huyo hakuuliza kwa mchezo. Mtu wa umri wake katika mkoa wetu huu wa Maniema, hapa Kongo, ameusikia mlio wa silaha zaidi ya mara moja, na amewahi kulala porini akiiwazia nyumba yake aliyoiacha nyuma. Basi baba, kama unasikia, hili ndilo jibu langu. Na wengine wote mlisikilize, hasa ninyi mnaojenga mwaka huu.

Kabla sijaendelea, tukubaliane juu ya maneno. Sisi huku tunasema betoni. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanasema zege. Vyuma vinavyowekwa ndani, masoni wetu, yaani waashi, wanaviita fero. Wao wanaviita nondo. Nitasema zege na nondo, lakini mjue ni betoni ileile na fero zilezile.

Sasa, mlipuko ni nini hasa? Ni moto wenye haraka kupita kiasi. Kitu kidogo kinageuka kuwa gesi nyingi yenye moto, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Gesi ile inataka nafasi, na nafasi imejaa hewa. Inaisukuma hewa, hewa inabanana, inakuwa kama ukuta unaotembea. Ukuta huo wa hewa ndio unaoifikia nyumba yako. Moto huenda usifike kabisa, vipande vya chuma huenda vikapita pembeni, lakini hewa iliyobanwa itafika tu, na itapiga kila upande: ukuta wa mbele, paa, madirisha, hata chini ya sakafu ya ghorofa. Ikipita, nyuma yake unakuja mvuto, kama mtu aliyekusukuma akageuka kukuvuta nguo. Na yote haya yanakwisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Muda huo mfupi ndio siri ya kwanza. Nendeni na mimi mpaka bandarini Nyangwe. Pale majini kuna mtumbwi mdogo, mtupu, na pembeni yake kuna boti kubwa la mizigo lililojaa magunia ya mpunga na madebe ya mawese. Upige mtumbwi kofi moja la nguvu ubavuni. Umeruka, umekimbia. Haya, lipige boti la mizigo kofi lilelile. Je, limesogea? Halikusogea, au limesogea kidogo mno. Kofi lako limekwisha kabla boti halijaamua kuondoka. Hivyo ndivyo ukuta mzito wa zege unavyoushinda mshindo: unachelewa. Kabla haujaanza kusogea vizuri, ule msukumo umeshapita. Nyumba ya manjanja, yaani mabati, na mbao nyembamba ni ule mtumbwi mtupu. Ukuta mnene wa zege ni boti la mizigo.

Kwa hiyo uzito unasaidia. Narudia: uzito unasaidia. Lakini uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Chukueni ngazi za mchikichi, yaani kokwa zake ngumu, sita au saba. Zipangeni mstari mmoja kwenye mfereji mdogo, zigusane. Gonga ile ya kwanza kwa nyingine. Ipi inaruka? Ya mwisho. Zile za katikati zimetulia kana kwamba hazikusikia kitu, ya mwisho imeruka. Watoto wetu wanaucheza mchezo huu kila siku. Basi zege nalo linafanya vivyo hivyo. Mshindo ukiligonga ukuta kwa nje, pigo linapita ndani ya zege mpaka uso wa pili, ule ulio chumbani. Pale halina pa kwenda, linageuka, na kule kugeuka kunaliacha zege likivutwa badala ya kubanwa. Nalo zege halipendi kuvutwa. Ukilibana ni shujaa. Ukilivuta, nguvu yake ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kubanwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuuona ukuta wake umesimama, kwa nje una mkwaruzo tu, kumbe kwa ndani umebanduka bamba zima na vipande vimeruka chumbani kama mawe ya kombeo.

Zege tupu, basi, ni jiwe, na jiwe hupasuka. Kinacholifanya zege livumilie ni chuma kilichomo ndani yake. Chuma kinavutwa, kinarefuka, kinapinda, hakikatiki haraka. Jengo linaloushinda mlipuko ni lile linalokubali kupinda bila kuachana. Litapasuka, ndiyo. Litachakaa, huenda lisitumike tena. Lakini halitalala juu ya watu.

Nataka mnisikilize vizuri hapa, maana sasa naondoka kwenye ngazi na mitumbwi, naenda Nairobi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi. Gari la mizigo lililojazwa baruti lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, katikati ya jiji, pale barabara ya Moi inapokutana na ile ya Haile Selassie. Likalipuka. Watu 213 walikufa, na majeruhi walikuwa maelfu. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya wa kawaida, waliokuja kazini, waliokuwa ndani ya basi, waliokuwa wanapita tu barabarani na bahasha mkononi.

Mahali pale palikuwa na majengo matatu yaliyokaribiana: ubalozi wenyewe, jumba refu la Benki ya Ushirika, lenye ghorofa zaidi ya 20, na jengo lililoitwa Ufundi. Mshindo ulikuwa mmoja. Je, majengo yalifanyaje? Ubalozi ulichanika ndani, kuta za vyumba ziliruka, watu 44 walikufa humo, lakini mifupa yake ya zege, yaani nguzo na mihimili, ilisimama. Jumba la Ushirika likabaki wima, tundu tupu kila dirisha. Ufundi likaanguka lote. Ghorofa juu ya ghorofa, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na watu katikati. Waokoaji walifukua usiku na mchana kwa siku kadhaa, wakizima mashine kila baada ya muda ili wasikie kama kuna sauti chini. Kuna waliosikika, wakajibiwa, wakapewa moyo, na hawakufikiwa wakiwa hai. Mimi kila nikilikumbuka hilo nanyamaza kwanza.

Mshindo mmoja, majengo matatu. Wanaouawa na hewa ya mlipuko moja kwa moja ni kundi moja la watu. Wanaouawa na jengo kuanguka ni kundi jingine, na mara nyingi la pili ndilo kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la mzee wetu wa Nyangwe, likiulizwa vizuri, ni hili: nguzo moja ikivunjika, nani ataupokea mzigo wake?

Wasikilizaji, mmeshaona mwanamke akitoka porini na mtita wa kuni kichwani. Ameufunga kwa kamba za miti, huku kamba, hapa kamba, pale kamba. Mtita ule ukianguka chini unadunda, unabaki mtita. Sasa fikirini mwingine aliyefunga kamba mbili tu, moja huku mwisho na nyingine kule mwisho. Ukianguka, kuni za katikati zinatoka nje kama tumbo, na kamba zinateleza. Nguzo ya zege ni mtita wa kuni. Zile nondo ndefu zilizosimama ndizo kuni. Na vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka, masoni wetu wanaviita etriye, ndizo kamba. Nguzo ikipigwa, ngozi yake ya nje ya zege inabanduka. Hapo kinachobaki ni moyo wa nguzo, na moyo huo unashikwa na etriye peke yake. Zikiwa karibu karibu, nguzo imekonda lakini inabeba. Zikiwa mbali mbali, nondo zinatoka nje kama zile kuni, zege linamwagika kama uji, na ghorofa inashuka.

Na kuna jambo dogo zaidi ya hilo, dogo kama kidole, ambalo nimelitazama kwa macho yangu siku ile Nyangwe. Etriye inapofungwa, inabaki na ncha mbili. Kijana mmoja alikuwa anazikunja kwa kipande cha bomba, haraka haraka, ncha zote zimelala ubavuni mwa mraba. Masoni mkubwa wake akaja, hakusema neno, akachukua bomba, akazikunja tena, ncha zikaingia ndani, zikaelekea katikati ya nguzo. Kijana akauliza: "Yaya, kuna tofauti gani?" Yule mkubwa akamwambia: "Ile yako ni mlango wa kuegesha. Hii yangu nimefunga na komeo." Nilitamani nimkumbatie. Ncha iliyolala pembeni inashikwa na ile ngozi ya nje tu. Ngozi ikibanduka, etriye inafunguka yenyewe. Ncha iliyoingia ndani inashikwa na moyo wa nguzo. Wahandisi duniani waliandika vitabu vizima juu ya ncha hiyo, kwa ajili ya mitetemeko ya ardhi na kwa ajili ya mabomu, na fundi wa Nyangwe aliisema kwa komeo la mlango.

Tupite haraka kwenye dari la zege, ile dale ya masoni. Kwa kawaida dari linabeba uzito unaoshuka: watu, vitanda, maji. Uzito ukishuka, upande wa chini ndio unaovutwa, kwa hiyo nondo nyingi zinawekwa chini. Sawa kabisa kwa siku za kawaida. Lakini mlipuko ukitokea chini ya ghorofa, hewa inalisukuma dari kwenda juu. Sasa upande wa juu ndio unaovutwa, na huko hakuna chuma. Dari linakatika likipanda, kisha linaanguka likishuka. Ndiyo maana majengo yaliyokusudiwa kuvumilia yanawekewa nondo juu na chini, tena zikipita moja kwa moja juu ya nguzo bila kukatwa, ili nguzo moja ikiondoka dari lining'inie kama machela, si kuvunjika kama kigae.

Mtauliza, je, ni lazima mlipuko uwe mkubwa ili jengo lianguke? Hapana! Tarehe 16 Mei 1968, mashariki mwa jiji la London, kulikuwa na jumba jipya la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point. Asubuhi na mapema, mama mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti apike chai. Gesi ilikuwa imevuja jikoni. Ikalipuka. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo; yule mama aliyewasha kiberiti alitoka hai. Lakini jumba lile lilijengwa kwa kuta nzima nzima zilizotoka kiwandani, zimesimamishwa moja juu ya nyingine, hazikufungwa vya kutosha. Ukuta mmoja uliposukumwa nje, ghorofa za juu zikakosa pa kukanyaga, zikashuka, zikazibomoa za chini. Pembe nzima ya jumba ikaanguka, watu 4 wakafa. Zege lilikuwepo. Zege zuri. Kilichokosekana ni kufungana. Baada ya hapo Waingereza wakabadilisha sheria zao za ujenzi.

Na Marekani, tarehe 19 Aprili 1995, katika mji wa Oklahoma City, bomu la gari lilivunja nguzo chache za mbele za jengo la serikali. Nguzo hizo zilikuwa zimebeba mhimili mmoja mkubwa, na mhimili huo ulibeba nguzo nyingine nyingi za juu. Mmefahamu? Wengi walimtegemea mmoja. Mmoja alipoondoka, karibu nusu ya jengo ilishuka. Watu 168 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na baruti yenyewe, waliuawa na kuanguka kwa jengo.

Hapo nimemaliza habari ya kufunga. Sasa nije kwenye habari ya pili, ambayo haihitaji sima wala fero, nayo ni umbali.

Asubuhi ileile ya 1998, kwa dakika zilezile, bomu jingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Huko walikufa watu 11. Kumi na mmoja ni wengi, kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Lakini Nairobi walikuwa 213. Kwa nini? Dar es Salaam gari la baruti halikupita getini. Lori la maji lilikuwa limesimama pale, likalizuia, na tangi lake likala sehemu ya pigo. Na mtaa wenyewe ulikuwa wa nyumba za bustani, zilizoachana. Nairobi ilikuwa katikati ya jiji, majengo marefu pande zote, hewa ya mlipuko ikawa inagonga ukuta huu na kurudi kwenye ule, kama sauti ya mtu anayepiga kelele kisimani.

Umbali una hesabu yake, na hesabu hii moja naomba mwibebe nyumbani. Ukikaa mbali mara mbili, mshindo uleule hautakupata mpaka baruti iongezwe mara 8. Si mara mbili, mara 8! Hakuna ukuta wa bei hiyo. Marekani walikuwa wameijua hesabu hii: tume yao ya mwaka 1985 ilishauri balozi zikae futi 100, yaani kama mita 30, kutoka barabarani. Tume nyingine, ya Admirali William Crowe, ilipotoa ripoti Januari 1999, ikaonyesha kwamba balozi za Nairobi na Dar es Salaam zote hazikuwa na nafasi hiyo. Leo ubalozi wao wa Nairobi uko Gigiri, nje ya katikati ya jiji, na uwanja mpana mbele yake.

Na kitu kizito kikisimama katikati kinasaidia pia. Mnakumbuka Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, bandarini, tani 2,750 za amonia naitreti. Pembeni ya shehena ile kulikuwa na maghala marefu ya nafaka, minara ya zege yenye urefu wa mita 48, imeungana safu kwa safu na nafaka ndani yake. Safu iliyotazama mlipuko iliangamia. Sehemu ya nyuma ikabaki wima, na upande wa mji uliokuwa kivulini mwa maghala ukapata kinga kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa siku ile. Bila maghala yale, pengine upande wa magharibi wa mji ungepigwa vibaya zaidi. Minara mingine iliyobaki ilikuja kuanguka mwaka 2022, baada ya nafaka kuungua humo ndani kwa wiki kadhaa.

Sasa nirudi nyumbani, maana mnaweza kusema: wewe unatupeleka London na Beirut, sisi tuko Maniema. Haya, historia ya hapa hapa. Mnajua kwamba majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yaliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Lakini vita havikuisha. Muhammad bin Khalfan, yule mwenyeji wa Lindi tuliyemwita Rumaliza, alikuja kutoka upande wa Tanganyika, akajenga maboma yake kati ya Kasongo na Kabambare. Maboma ya miti na udongo, hapakuwa na sima wala fero. Na maboma yale yaliwasumbua Wabelgiji miezi kadhaa, bunduki na mzinga havikuwapa njia ya haraka. Yalikwisha vipi? Januari 1894 kombora moja likaangukia ghala la baruti la Rumaliza mwenyewe. Ghala likalipuka, boma lililokuwa na ghala hilo likateketea. Kabla mwezi haujaisha, Kabambare ilikuwa imechukuliwa.

Mnaona? Maboma yalivumilia miezi mbele ya adui. Hayakuvumilia baruti iliyolala ndani.

Na tangu siku hizo mpaka leo habari ni ileile. Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009: ghala la silaha la jeshi lililipuka, zaidi ya watu 20 wakafa. Gongo la Mboto, mji uleule, tarehe 16 Februari 2011: tena ghala la jeshi, tena zaidi ya watu 20. Mpila, Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012: watu karibu 300, na vioo vilivunjika mpaka Kinshasa, ng'ambo ya mto. Katika miji hiyo yote watu walikuwa wamejenga mpaka karibu na uzio wa kambi. Hakuna aliyewapiga vita siku hizo. Ni ghala tu, na nyumba zilizolisogelea.

Ninyi hamna ghala la mabomu nyumbani, Mungu apishe mbali. Lakini wangapi wanalala na madumu ya esanse, yaani petroli, chini ya kitanda? Wauza esanse, wale tunaowaita makadafi, wanaogopa wezi, kwa hiyo jioni wanaingiza kila kitu ndani: madumu, chupa, mpira wa kunyonyea. Kisha mama anawasha kibatari. Esanse haihitaji kumwagika ili iwake. Mvuke wake unatembea chini chini mpaka uupate moto, na chumba kilichofungwa chenye mvuke huo hulipuka, kama jiko la yule mama wa London. Nyumba yako iwe ya udongo, iwe ya zege, haikujengwa kwa ajili hiyo. Kaka zangu makadafi, jengeni kibanda kidogo nyuma ya uwanja, mbali na nyumba na mbali na jiko, chenye matundu ya hewa, kitieni kufuli. Nimewaambia hesabu ya umbali. Hiyo haiuzwi na mtu yeyote.

Tena neno moja juu ya madirisha, halafu nimjibu mzee. Nairobi, kabla ya mshindo mkubwa, ulisikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu maofisini wakafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: wakasogea dirishani kutazama. Ukaja ule mkubwa, na vioo vikawaingia machoni. Wengi walipoteza uwezo wa kuona siku ile. Beirut nako, watu walikuwa barazani na simu mkononi, wanapiga picha ya moshi. Ukisikia mshindo, au ukiona moto mkubwa usioujua, usikimbilie dirishani. Waite watoto, ingieni chumba cha ndani, laleni chini, ligeuzieni dirisha mgongo. Wafundisheni watoto hilo kama mnavyowafundisha kutokwenda mtoni peke yao.

Baba yangu wa Nyangwe, uliniuliza kama nyumba ya betoni itasimama bomu likilipuka karibu. Jibu langu ni kwamba hakuna nyumba ya kawaida ya milele, na anayekuuzia maneno hayo anakudanganya. Karibu sana, haisimami. Mbali kidogo, itasimama ile iliyofungwa: nguzo zake zina etriye za karibu karibu, mkanda wa zege wa juu ya kuta, ile shenaji, umezunguka nyumba nzima bila kukatwa pembeni, na sima haikuzidishiwa maji ili ionekane nyingi. Ile isiyofungwa haingoji bomu. Itapasuka kwa mvua, itaangusha linto, ule mhimili wa juu ya mlango, siku ya harusi. Nimewahi kusimama kwenye nyumba ya jamaa yangu ambayo nguzo yake ilipasuka tukaikuta ndani ina fero mbili, hazikufungwa kwa kitu. Fundi alilipwa, akaenda zake. Bahati njema watoto walikuwa uwanjani.

Na ninajua kwamba fero ni ghali. Ninajua sima inatoka mbali. Sikuambii ununue nyingi zaidi. Kukunja ncha ya etriye iingie ndani hakukuongezei hata franga moja. Kunamchukua fundi nusu dakika. Kama fedha haitoshi, afadhali ujenge chumba kimoja kilichofungwa vizuri kuliko vitatu vilivyoegeshwa.

Muda wangu umekwisha, fundi wa mitambo ananionyesha saa. Mwenye nyumba unayejenga wiki hii, Nyangwe, Kasongo, Kabambare, popote ulipo, nakuomba jambo moja. Kesho amka mapema, nenda kwenye kiwanja chako kabla zege halijamwagwa. Usiogope kuonekana unamchunguza fundi. Fundi mzuri atafurahi. Shika nguzo moja kwa mkono, pitisha vidole kwenye etriye, moja baada ya nyingine, uone kama zimekaribiana na kama ncha zake zimeingia ndani. Fanya hivyo kesho asubuhi, kwa sababu zege likishamwagwa hutaziona tena.